Hela Yenye Jina Langu

Nieuwhamrik, Jumapili, mwezi Machi

Kwako Dada yangu mpenzi Hillechien,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Berend, na wote waliomo humo nyumbani mwenu. Ni matumaini yangu kwamba theluji ya huko Kanada imeanza kuwaonea huruma, na kwamba mgongo wa shemeji umetulia tangu alipowauza wale ng'ombe wake. Mwambie mtu hawezi kuwakamua ng'ombe miaka arobaini halafu akategemea mgongo umshukuru. Wajukuu nao hawajambo? Nimeziona picha zao, na yule wa kati ana pua ya Baba, maskini, na ni msichana.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo linalonikumbusha miaka yote niliyosimama kwenye mashine, hasa mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua, haina likizo. Nakula, nalala, nacheka. Nimeanza na hayo ili usome yanayofuata bila wasiwasi.

Utajiuliza kwa nini barua, wakati simu ipo. Dada, usinikasirikie, lakini kwenye simu hunipi nafasi. Tangu utotoni nikianza sentensi wewe unaimaliza, na mara nyingi unaipeleka nisikotaka kwenda. Jambo hili nataka niliseme mwenyewe mpaka mwisho. Kwa hiyo jitengenezee kahawa, kaa, na umwombe shemeji asikuite kwa nusu saa.

Habari za kiwanda chetu cha maboksi kufungwa nilikupa juu juu tu, kwa sababu niliona haya. Kwanza walikiuza kwa watu wa nje, wakasema hakuna kitakachobadilika. Kisha wakazima mashine ya pili, wakasema ni kwa muda. Mwishowe wakaja mabwana wawili ambao viatu vyao havikuwahi kuona matope, wakatukusanya kwenye chumba cha chakula na kutueleza kwa upole kwamba maboksi yaleyale yanaweza kutengenezwa mashariki kwa bei ndogo zaidi. Walituandalia kahawa na keki. Keki ilikuwa nzuri, sitasema uongo, na nilikula vipande viwili kwa hasira.

Baada ya hapo nikawa napata malipo ya bima ya kukosa kazi, nayo yana mwisho wake. Nilitafuta kazi kila mahali. Kwenye mabohari ya kando ya barabara kuu walinijaribu asubuhi moja, kijana akanisifu kwamba nina bidii, kisha akaniambia kwa huruma kwamba kompyuta inaniona mwenda polepole mno. Bima ilipokwisha ikabaki posho ya manispaa, ile wanayopewa watu wasio na kitu kingine. Siku ya kwanza kwenda kuiomba nilizunguka jengo lile mara mbili kama mwizi. Lakini nikazoea, Dada. Ilikuwa ndogo, ilikuwa na maswali mengi, ila iliingia kwenye akaunti yangu, kwa jina langu, Eltje Bosscher, na sikulazimika kumwomba mtu yeyote kwa ile sauti ya Mama.

Ile sauti unaikumbuka. Ijumaa Baba alikuja na bahasha ya mshahara, akaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Mama hakuigusa kamwe. Alisubiri Baba ashibe, akammiminia kikombe cha pili, ndipo aliposema, "Luitje, viatu vya mtoto vimekwisha," kwa sauti nyembamba ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote. Sisi tulikuwa tumelala kule darini juu ya jikoni na tulisikia kila neno. Ni wewe uliyesema kwamba hatutamwomba mwanamume hela maisha yetu yote. Ukatema mate kiganjani, nami nikatema, tukashikana mikono. Na mimi nililishika lile neno. Nilipoachana na mume wangu Tjakko niliondoka na begi langu na mshahara wangu, sikumwachia neno zaidi ya kwaheri. Ndiyo maana nilipopata posho ile, pamoja na aibu yake yote, niliiheshimu.

Sasa nikueleze kuhusu Harm. Unamkumbuka Harm Huizing, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani, yule mwenye masikio makubwa uliyekuwa ukimcheka? Anaishi mkabala na mimi, ng'ambo ya barabara. Yeye ni mkubwa kwangu na tayari alikuwa anakula pensheni yake, ya serikali na ile ya kiwandani. Mkewe Geesje alifariki, watoto hawakujaliwa, akabaki na redio zake mbovu za kutengeneza.

Ule msimu wa baridi ambao bei ya gesi ya kupasha nyumba joto ilipanda, watu wa huku tulivaa makoti sebuleni. Fikiria, miaka yote wamechimba gesi chini ya vitanda vyetu mpaka ardhi ikatetemeka na kuta zikapasuka, na sasa sisi wenye kuta zilizopasuka ndio hatuwezi kuinunua. Harm akanikuta nje navunja barafu mlangoni, akasema, "Eltje, wewe unapasha joto viti vitupu, na mimi napasha joto viti vitupu. Si tuwashe nyumba moja tu? Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwako." Nikamwambia afadhali kwangu, kwake kunanuka mafuta ya mashine. Akajibu kwamba kwangu kunanuka kabichi, kwa hiyo tutakuwa sawa.

Ndivyo tulivyoanza. Jioni nilifuma, yeye akafungua redio na kuzifunga tena, nikapika supu ya njegere na soseji, akanitengenezea baiskeli. Saa nne alivaa koti akavuka barabara. Hakuna kilichotokea, na najua hapo ulipo umecheka, lakini hakuna kilichotokea. Na ili mtu yeyote asiwaze vingine tuliacha mapazia wazi, kama Mama alivyotufundisha, kwamba mtu asiye na la kuficha hafungi pazia. Harm hata alinunua balbu kali zaidi. Ndilo kosa letu hilo. Kijiji kizima kilichopita na mbwa wake kilituona kila jioni chini ya taa ile, yeye na miwani yake na mimi na uzi wangu, na sahani mbili mezani. Mtu mmoja akapiga simu manispaa. Sijui ni nani na sitaki kumjua, maana nitakutana naye tena dukani.

Aliyetumwa kuja ni Fennechien Dijkema, tuliyesoma naye. Siku hizi ndiye afisa wa posho. Alikubali kahawa akakataa biskuti, akasema afisa hapokei zawadi, nikamwambia biskuti ile ina umri wa mwaka mzima, si zawadi, ni hatari. Akacheka. Kisha akavaa uso wa kazi akaniuliza nani anapika, nani ananunua viazi, mashati ya Harm yanafuliwa wapi. Akaingia bafuni kutazama miswaki. Mswaki ulikuwa mmoja, na nilihisi vibaya, kana kwamba nimekutwa na upungufu.

Harm alipoitwa aseme upande wake aliwaka moto. Alimuuliza Fennechien, "Kwani siku hizi supu ya njegere ni ndoa? Basi mimi nimeoa kijiji kizima, maana Geesje alipofariki hata mama mchungaji alinilisha!" Fennechien akamweleza polepole, na maneno yake sijayasahau. Alisema sheria haijali kitanda. Watu wawili wakikaa pamoja na kusaidiana huhesabiwa kuwa chungu kimoja, na mwenye pensheni ndiye anayepaswa kumlisha mwenzake kabla mfuko wa umma haujafunguliwa. "Sisi hatuulizi kama mnapendana," alisema. "Tunauliza kama mnatunzana." Nikaona sura yake ilivyombadilika alipojisikia akisema hivyo. Si mtu mbaya, Dada. Watu waliofungiwa viwanda ni wengi, fedha ni zilezile, na yeye amewekwa mlangoni kuchuja.

Iliamuliwa kwamba hatuna kosa, kwa kuwa kila mtu ana nyumba yake na bado anaishi humo. Ila alituasa tupunguze. Tukapunguza mpaka tukaacha kabisa, kwa sababu mimi niliogopa. Harm hakuogopa, mimi ndiye niliyemwambia asije. Tukawa tunapungiana mkono dirishani, kila mtu na blanketi lake, watu wazima na akili zetu.

Sasa nafika kwenye mahali pagumu. Asubuhi moja ya Novemba mapazia ya Harm hayakufunguliwa. Saa mbili bado, saa tatu bado. Nilivuka barabara na ndara zangu, nikaingia kwa ufunguo wa akiba alioniachia. Alikuwa sakafuni jikoni, macho wazi, mdomo umepinda, na nyumba baridi kuliko nje. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha tangu jioni. Jioni ile, kama si woga wangu na kama si maswali ya viazi, ningekuwa nimekaa kiti cha pili, na gari la wagonjwa lingeitwa palepale. Daktari alisema saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Hakujua anamwambia nani.

Hospitalini muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikajibu, "Jirani." Nilikuwa nimejizoeza kulisema vizuri neno hilo. Akaomba radhi, akasema habari za mgonjwa anapewa jamaa tu. Basi nikakaa kwenye korido na viatu vya Harm mapajani, mtu ambaye najua anavyotaka viazi vyake vipondwe, na sikuwa na haki ya kuuliza kama yu hai.

Yu hai. Mguu umerudi kiasi, mkono wa kulia haujarudi, na maneno mengi yamempotea. Kwa wiki nyingi kila kitu kwake kilikuwa spana. Kikombe spana, dirisha spana, daktari spana. Mimi pia nilikuwa spana, usidhani alinibakizia jina. Walipomaliza kumfanyisha mazoezi wakasema ngazi za nyumbani kwake hatazipanda tena, kwa hiyo ama aende kwenye nyumba ya wazee, na nafasi iliyopatikana ilikuwa mji mwingine wa mbali, ama akae na mtu mwenye chumba cha chini. Chumba cha chini ninacho mimi, kile cha mbele.

Nilikutana na Fennechien sokoni, kwenye foleni ya samaki, nikamuuliza itakuwaje nikimchukua. Alinivuta pembeni. Akasema posho yangu itakoma, yote, kwa sababu tutahesabiwa wawili, na pensheni yake hata ikipunguzwa, kwa vile haishi tena peke yake, ukijumlisha na ile ya kiwandani kwenye hesabu yao inatosha. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka mimi mwenyewe nifikie umri wa pensheni, yaani miaka sita. Nikamwambia mimi ndiye nitakayemwogesha na kumlisha, manispaa itaokoa gharama ya kumtunza, na bado itaninyang'anya na hela yangu? Akasema, "Eltje, najua." Kisha akasema, "Ila jibu lako usinipe hapa. Nikilisikia, nitakuwa nimelisikia kikazi." Akanunua samaki wake akaenda, na aliacha chenji mezani mpaka muuzaji akamkimbilia.

Nikuambie ukweli, Dada, karibu nimwache aende. Nilienda kuitazama ile nyumba ya wazee. Ni safi, watu wake ni wema, na nilitafuta kwa bidii kitu kibaya ili kinisaidie kuamua, sikukipata. Nilirudi ndani ya basi nikiwa na hasira na kila mtu. Nimefanya kazi miaka thelathini, nimelipa kila nilichodaiwa, kiwanda hakikufungwa na mimi. Halafu mwishoni kabisa, kile kidogo kilichobaki chenye jina langu, nakipoteza kwa sababu ya kumjali mtu. Kama ningemchukia Harm ningeendelea kupokea. Wazo hilo nililala nalo siku nyingi.

Basi hili ndilo ninalokuandikia. Mwezi Januari nilikwenda manispaa, nikamwambia Fennechien mbele ya dawati lake, kwa sauti ya kutosha, kwamba Harm Huizing anahamia kwangu, kwamba tunatunzana, na aandike hivyo hivyo. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, aandike kabla sijabadili nia. Akaandika. Tangu Februari sina hata senti moja inayoingia kwa jina langu. Lile neno tulilotemea mate nimelivunja, na nilitaka ulisikie kutoka kwangu, si kwa watu. Na kwa kuwa utauliza, jibu ni ndiyo, nampenda. Sikujua mpaka nilipokaa na vile viatu vyake.

Analala chumba cha mbele. Asubuhi namnyoa, naye ananilalamikia kwa maneno aliyonayo, na yanaongezeka kila wiki, hasa matusi. Nyumba ina joto. Tunacheka zaidi kuliko inavyofaa kwa hali yetu. Usinihurumie kwa hilo.

Lakini Alhamisi iliyopita nilihitaji sidiria, Dada. Jambo dogo namna hiyo. Niliyonayo imebaki waya na ukaidi. Asubuhi nzima nilizunguka jikoni. Nilimpikia, nikangoja ashibe. Nikammiminia kahawa ya pili. Ndipo nilipofungua mdomo, na ile sauti nyembamba ikatoka kwangu, ileile, sikujua kwamba ninayo. Sikufika hata katikati. Harm alichomoa kadi ya benki kwa mkono wake mzima, akaisukuma mezani kuja kwangu, akanipigapiga kiganja, na kwa macho yake niliona kwamba hata hakuelewa kuna nini cha kuomba. Mtu hawezi kutoa kwa moyo mweupe zaidi ya hivyo. Na bado nilipofika dukani, nikiwa nimeishika kadi yenye jina la mtu mwingine, nililisoma jina hilo mara mbili, mpaka binti wa dukani akanisaidia kuiweka kwenye mashine.

Nikiwa pale ndipo nilipomfikiria Baba. Tulimwona mchoyo, mimi na wewe. Wewe ulikuwa hujatimiza miaka ishirini ulipopanda ndege ili uwe mbali na bahasha ile, nami miaka yote nilikaa naye meza moja kwa moyo mgumu mpaka tukamzika. Lakini kila nikirudi kule darini na kusikiliza vizuri, nasikia Mama akiomba, kisha nasikia kiti kikisogea, na Baba akisema, "Chukua tu, mke wangu, chukua." Nadhani alitoa kila mara, na nadhani alitoa kwa furaha, na Mama akazidi kusinyaa. Sisi tulimtafuta mbaya ndani ya nyumba ile, na yawezekana hakuwemo.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto wote, na Mungu awaweke. Harm anakusalimu pia, ameniomba nikuandikie kwamba masikio bado anayo yote mawili. Nami nina ombi moja kwako, na hili naliomba kwa sauti yangu mwenyewe. Wewe ni mkubwa kwangu na kumbukumbu zako ni nzuri kuliko zangu. Niandikie kama unakumbuka hata siku moja ambayo Baba alimkatalia Mama. Mimi nimetafuta wiki nzima, na siikumbuki.

Ni mimi mdogo wako,
Eltje